Beki wa Kushoto wa Daraja la Tano

Toronto, Aprili 1997

Kaka Lukelo,

Kamwene. Naanza na salamu ya nyumbani Iringa kwa sababu hukuwahi kunijibu lolote kabla sijakusalimu, hata kwenye simu ya mbali, hata dakika zikituishia. Basi kamwene, kaka yangu. Nina mengi, na karibu yote ni ya kuchekesha.

Juzi Festo alikuwa anamsimulia jirani yetu mpya hapa Crescent Town habari zako. Mume wangu huyu huyu aliyekuwa akikutania, "Shemeji, daraja la tano Italia si ndiko wanakocheza na ng'ombe?" Sasa ndiye msemaji wako mkuu. Alisimama katikati ya sebule kuonyesha ulivyokuwa ukikaba, akavunja kikombe. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa machozi kweli, halafu nikacheka tena. Ndiyo maana nakuandikia.

Padre wa parokia yetu alikupeleka Italia ukasomee useremala, akidhani atawarudishia watu wa Iringa fundi. Lakini Jumapili yako ya kwanza kule, timu ya kijiji ilikuwa na watu kumi, na wewe ulikuwa umesimama pembeni unakula chungwa. Ukavua koti. Hapo ndipo padre alipokupoteza.

Siku za kazi ulipiga randa, Jumapili ulicheza. Kila klabu ilipokuacha ulifunga sanduku na kwenda mji mwingine, kutoka milima ya kaskazini mpaka Sisilia, na hukuwahi kupanda daraja hata moja. Kuna uwanja uliokuwa umeinama kiasi kwamba mpira ukitoka upande wa chini uliishia mtoni, na klabu ikamweka mvuvi na wavu wake. Kuna mwenyekiti aliyekuwa mchinjaji; mkishinda, kila mchezaji alibeba paja la nguruwe nyumbani. Kuna refa aliyeangusha filimbi kwenye theluji akamaliza mechi kwa kengele ya ng'ombe. Kwa hiyo Festo hakukosea sana.

Mara moja tu uliniambia kuhusu watu waliokuzomea kwa sauti za nyani. Hukukaa sana hapo. Ulikimbilia kunieleza jinsi bibi aliyekuwa akifua jezi zenu alivyopanda jukwaani na ndoo ya maji ya sabuni akawamwagia wote. "Dada, walinukia vizuri mpaka mwisho wa mechi." Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Jambo likikuuma, ulitafuta ndoo ilipo.

Na lile bao. Miaka yote ile bao moja, mechi ya mwisho wa msimu, katika mji mdogo wa mkoa wa Abruzzo, timu ikiwa hatarini kushuka daraja. Tulilijua wote kwa moyo, ulivyolisimulia: "Shuti la mita thelathini, wavu ukachanika!"

Halafu ukaja Toronto kukaa nasi, magoti yamekwisha. Wiki ile ile nikakupeleka mtaa wa St. Clair, kwenye duka la mikate la Waitaliano, uone kwamba hujahama mbali sana. Mzee mmoja kwenye foleni akawa anakutazama, anakutazama, mpaka nikaanza kuogopa. Akasema neno moja. Ukageuka polepole kama mtu aliyekamatwa. Mzee akakukumbatia, akalia, akaanza kulihutubia duka zima.

"Anasema nini?" nikakuuliza.

"Anasema nilikuwa mzuri."

Yule binti muuzaji ndiye aliyeniharibia shuti la mita thelathini. Akanitafsiria kwa Kiingereza: "Anasema walikuwa na kona, kaka yako ameinama anafunga kamba ya kiatu, mpira ukampiga mgongoni ukaingia golini. Timu ya mji haikushuka daraja. Mpaka leo kule wanamwita Mgongo."

Kaka! Nilikaa juu ya gunia la unga. Nikacheka. Na wewe ukasema kwa heshima zote, "Lakini wavu ulichanika, dada. Hilo ni kweli."

Baadaye Mzee Rinaldo, maana ndiye huyo mzee wa foleni, alinieleza kwamba mwezi wa bao lile alikuwa amerudi kwao kumzika mama yake. Hakuwa ametabasamu tangu atue. Alipelekwa uwanjani kwa nguvu na binamu zake, na mgongo wako ndio uliomchekesha. Sikukuambia kwamba aliniambia. Nakuambia sasa.

Moyo wako uliposimama Februari ya mwaka jana, tulidhani na timu imekufa. Ile timu ya akina mama wa kanisani uliyokuwa ukiifundisha: Wakongo, Warundi, sisi wa Tanzania, wote tumechoka na kuinua wazee vitandani na kufunga maboksi viwandani, na wewe ukitupigia kelele kama tunacheza fainali. Hatukuwa na hamu hata ya kuugusa mpira.

Mwezi wa tano mlango ukagongwa. Mzee Rinaldo, miaka yake sabini na kitu, amebeba mipira yako yote kwenye wavu begani kama mtu anayeleta vitunguu. Kiswahili ulichomfundisha unakijua mwenyewe. "Mama, twende. Huzuni nyumbani hapana. Huzuni uwanja." Akaninyooshea kidole. "Wewe kushoto."

Nikamwambia mimi nina miaka arobaini na mbili. Akasema, "Avanti," yaani twende mbele, akaanza kushuka ngazi.

Mechi ya kwanza tulifungwa sita. Nisikufiche. Golikipa wetu alikuwa anamtafutia mwanawe juisi bao la nne likiingia. Lakini Septemba tulikwenda kucheza na akina mama wa parokia ya Rinaldo mwenyewe, kwao, mvua inanyesha. Wakatangulia. Mama Zawadi wa Bukavu akasawazisha kwa kichwa, kilemba kikaruka juu kuliko mpira. Na dakika za mwisho winga wao akaja upande wangu, binti mwepesi, anapinda huku na huku, na nyuma yangu hakuna mtu. Nikakusikia kabisa: "Usitazame miguu yake, dada, miguu inadanganya. Tazama mpira." Nikautazama mpira. Nikateleza kwenye tope na mwili wangu wote huu, nikautoa nje, safi, na refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Sare ya bao moja kwa moja. Si wewe uliyesema kwamba daraja la chini sare ya ugenini ni harusi? Basi tulifanya harusi. Mama Zawadi aliimba, wenyeji wakaleta sinia za pasta, sisi pilau, na yule winga akaja kunisaidia kukamua soksi. Mzee Rinaldo alisimama peke yake kwenye kona, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea. Nikamwacha. Alikuwa na wewe.

Theluji imeyeyuka sasa, kaka. Jumamosi tunaanza mazoezi. Nakuahidi nitacheza mpaka magoti yangu nayo yakatae, na yakikataa nitasimama pembeni nipige kelele.

Pumzika. Upande wa kushoto nimeushika mimi.

Dada yako,
Sekunda