Milimita Saba na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili — lifunge, tafadhali. Kama umeshafika hapa, basi nakusihi, neno hata moja lisitoke kinywani mwako. Mimi ni karani tu, mwezi wa saba kazini.

Gazeti la wapenzi wa modeli, hizi ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, limefika leo. Macho ya Mzee, mwenye karakana yetu, yamechoka na herufi ndogo, kwa hiyo kusoma ni kazi yangu. Nimemsomea uhakiki wa ndege yetu mpya, ile ya mizigo yenye injini mbili. Miaka miwili ameipigania! Mhakiki anajiita Jicho la Rula. Anasema vipande vinashikana bila kubembelezwa, mistari ya mabati ni myembamba kama unywele. Halafu! Ndege ni fupi kwa milimita saba na nusu. Mabawa nayo yamepungua. Kila kitu. "Kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto. Rubani itabidi akatwe miguu ndiyo aingie."

Mama Kalibu, anayetuchongea kalibu za chuma za kumiminia plastiki tangu mimi sijazaliwa, amecheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Mzee hakucheka.

"Soma tena hapo kwenye sweta," akasema.

Nikasoma tena. 

Jumanne, 5 Machi

Mzee ameamua tumjibu. Barua ilifikie gazeti Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Amenitajia, nimechapa: Sisi hupima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Anaipenda sana hiyo sentensi.

Kwanza lakini wamepima kalibu. Mama Kalibu ameilinganisha na mchoro uliobandikwa ukutani mbele ya meza yake. Sawasawa! Pua kwa pua, mkia kwa mkia.

"Chuma hakisemi uongo, Mzee. Nilichopewa ndicho nilichochonga."

"Basi huyo Jicho la Rula anunue rula nyingine."

Wamecheka wote wawili. Mimi nimebaki natazama ule mchoro ukutani. Ni nakala. Niliitoa mimi, wiki yangu ya kwanza. Mchoro wenyewe tuliazimwa na rubani mstaafu aliyeirusha ndege halisi, na Mzee hakutaka mafuta ya mikono yaufikie. Uko kwenye droo. Ufunguo ninao mimi.

Sijafungua droo. Kichwa kinauma.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua.

Walipokwenda kula nimeweka nakala juu ya mchoro wenyewe, nikazishika pamoja dirishani. Mkia wa mchoro umetokeza. Upana wa kidole changu kidogo.

Nakumbuka kila kitu. Karatasi ya rubani ilizidi kidogo ile ya mashine ya fotokopi. Niliogopa kingo zisikatike, nikabonyeza kitufe cha kuifanya ienee. Leo nimekibonyeza tena. Kidirisha cha mashine kikaandika 97. Asilimia tisini na saba! Siku ile sikukitazama. Na pale pembeni palikuwa na mstari wa sentimita kumi, wa kuhakikishia kipimo. Nilizipunguza kingo kwa mkasi ili nakala ipendeze. Mstari ukaenda na takataka. Mama Kalibu angejuaje?

Nimeifuta meza, nimeubandika tena mchoro, pini zilezile kwenye matundu yaleyale. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Nyumbani nimemweleza kaka. Kasema, kwani umeua mtu? Kasema nikae kimya, wazee watasahau. Kisha akaniuliza kama chumvi imebaki.

Alhamisi, 7 Machi

Hawajasahau. Mzee kaleta modeli ya ndege hiyohiyo, ya karakana nyingine, ya kipimo kilekile, akaiweka kando ya yetu; yetu ikapungua. Kakaa nazo asubuhi nzima. Mchana kaniita.

"Mwanangu, mkono wa mtu huzeeka kabla yeye hajajua. Juzi alipima yeye, nami kwa macho haya nikaamini tu. Ndege ijayo tutampa mchongaji mwingine. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, taratibu."

Nimesema ndiyo, Mzee. Ndiyo, Mzee! Ndilo jibu lililonitoka.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipotoka, Mama Kalibu alikuwa anapangusa tupa zake moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa. Kanisogezea kiti cha karibu na dirisha, kama kila siku.

"Kaa, binti. Uso wako umepauka. Umekula?"



Ijumaa, 8 Machi

Saa nne. Barua ya Mzee iko kwenye bahasha, tayari. Nimechapa nyingine, mistari sita. Nimetaja kitufe, mkasi, tarehe. Nimeandika kwamba mkono wa Mama Kalibu haujakosea hata upana wa unywele, na kwamba Jicho la Rula alipima vizuri. Nimeisoma mara tatu.

Saa nne na nusu. Nimeziweka zote mbili mezani kwake, na mchoro wa rubani, na nakala juu yake, nimezichoma pini puani ili mkia ujisemee wenyewe. Na rula ya chuma. Na miwani ya kukuzia.

Kisha nimekimbia! Nipo stoo, nyuma ya maboksi ya mabawa. Naandika juu ya goti.

Namsikia anaingia. Kiti. Karatasi. Rula imegonga kioo cha meza. Imegonga tena.

"Mama Kalibu! Hebu njoo. Njoo na nakala — hapana, ninayo hapa. Njoo wewe tu."

Viatu vyake vinapita. Rula, mara ya tatu. Barua ipi itakwenda, sijui. Imebaki saa moja na robo.

Nimeacha kikaratasi kwenye taipureta yangu, kwa yeyote kati yao: Msinipigie simu, nimeizima. Piteni korido ya rangi, stoo ni mlango wa mwisho kushoto. Kitasa ni kibovu, kiinueni kwanza ndipo msukume. Taa nimeiwasha. Sijafunga kwa ndani.