Begi la Mama Mkwe na Jagi la Maji ya Bomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nilipo sina raha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu, na tunaishi na mama mkwe wangu ambaye nampenda kama aliyenizaa, sikutanii. Tangu mvua zianze maji ya bomba yanatoka na rangi ya chai, basi yeye huamka mapema akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha mpaka sufuria itikisike, akayafunika kwenye ndoo ya bluu, na ole wake atakayeigusa bila kunawa. Sasa mimi nikiinuka kwenye cherehani na kiu yangu nayakuta bado ya moto, na maji ya moto hayanishuki, kwa hiyo nikawa namimina jagi la maji ya bomba humo humo ndooni ili yapoe, nikijiambia yaliyochemka ni mengi, yatayashinda haya mabichi. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka minne akaharisha siku mbili mpaka macho yakaingia ndani, tukakimbilia zahanati, ameshapona, lakini mume wangu akamwambia mama yake, "Mama, labda siku hizi huoni vizuri, unayaepua kabla hayajachemka."

Kesho yake Mama akaniletea begi lake, akasema, "Mwanangu, nibadilishie hii zipu, Jumamosi nakwenda kwa wifi yako. Nisije nikawaulia mtoto." Na mimi nikanyamaza, mshauri! Begi nimelikalia siku ya tatu leo, namwambia zipu za saizi hiyo zimeadimika, na droo yangu imejaa zipu. Nifanyeje?

Fundi wa Barazani

Fundi, pole kwa mtoto, na hongera kwa mkwe. Kuna wanaomtafuta wa hivyo kwa tochi. Lakini na wewe! Ukikosea kukata kitambaa, huwa unausingizia mkasi? Maji hayapigani mieleka ndooni. Jagi moja la bomba likishaingia, ndoo nzima imeharibika, mama ni kama hakuwasha moto. Ukitaka ya baridi, jaza chupa safi kwa maji yake, ifunge, isimamishe kwenye beseni la maji ya bomba. Yapozwe kwa nje, si kwa ndani. Na mtoto akiharisha tena usihesabu siku, zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa la begi. Leo, mumeo akiwa amekaa hapo hapo, sema, "Mama, ni mimi." Usianze na hadithi za joto na kiu. Mumeo naye aombe radhi kwa yale maneno ya macho. Ukimaliza, mwombe mama akumiminie kikombe, unywe mbele yake hata kama yanaunguza ulimi. Kisha mrudishie begi lake.

Zipu iache hivyo hivyo, mbovu.