Ufito wa Kuku na Karata za Bibi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Lumemo tumevuna mpunga, na meno yangu mawili yamehama bila kuaga.

Unauliza mchezo wa karata ambao marehemu bibi yako aliucheza kwenye kompyuta ya zamani utafungukaje kwenye kompyuta yako mpya. Ujanani, mafuriko yalipotuhamisha, kuku walikataa banda jipya. Niliwakimbiza jioni tatu, wakanicheka. Bibi yako akaweka humo ufito wao wa zamani wa kulalia, na mavi yake. Wakaingia wenyewe, wakasinzia, ukungu wa mto ukitufunika sote.

"Mwanaume wewe," akasema, "wanatafuta pao."

Fundi ananiambia kompyuta mpya huweza kujifanya ya zamani. Iombe ijifanye. Ila alama alizopata bibi yako mchezoni usizifute. Njoo nazo Krismasi. Bado ananishinda, nami sijakubali.

Babu yako