Kazi ya Kunyamazisha Mtaa

Kibokoni, Mombasa

Kwa dada yangu na mama yangu wa pili, Mwanaesha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikufikie u mzima, na lile goti la kushoto likuachilie upande ngazi bila kushika ukuta. Shemeji amerudi shamba? Nazi za mwaka huu zikoje? Mimi huku mwili ni mzima, alhamdulillahi. Ya moyo utayasoma mbele, na ukiona mwandiko wangu umekaza, ujue hasira imo mkononi.

Barua yako nimeipata. Waniuliza kama Swaleh aache cherehani kwa fundi wake aje huku nimtafutie kazi ya filamu, kwa sababu barua yangu iliyopita ilisomwa barazani na kila aliyeisikia akasema mwanao ana bahati ya kuwa na mjomba kama mimi. Jibu ni hapana. Asije. Na hii nayo nataka isomwe palepale barazani, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Niliyemtia kijana tamaa ni mimi, basi na aibu iwe yangu.

Sikukudanganya kwa makusudi, dada. Siku zile niliamini kila neno. Kampuni ya Wazungu ilikuwa imekuja kupiga picha ya sinema humu mwetu, hadithi ya mzungu mmoja anayetafuta almasi zilizoibwa. Walikuwa na msimamizi wao, mtu wa Nairobi mwenye miwani myeusi, akanikuta nikinywa kahawa akaniambia, "Wewe Kiingereza unakijua, na watu wa hapa wanakusikiliza. Fanya kazi na sisi. Ukifanya vizuri tutakuchukua Nairobi uwe mtu wetu wa kudumu. Sasa tumepata Uhuru, kampuni zote za sinema zitataka watu wetu wenyewe." Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, mshahara wa mwezi, na kiti changu mwenyewe. Nikaacha kazi wiki ile ile. Kiti wakampa mwingine kabla hakijapoa.

Nikueleze malipo yalivyokuwa, maana najua Swaleh ndilo atakalouliza. Wazungu walilipwa kwa wiki huko hotelini kwao, mvua inyeshe isinyeshe. Waliotoka Nairobi, wale wa kubeba taa na nyaya, nao kwa wiki, ingawa kidogo sana. Sisi wa Mombasa tulikuwa vibarua wa siku. Jioni tunapanga foleni juani kwenye dirisha la ghala moja Mbaraki, na anayelipa anatutazama kama tumekuja kuomba. Mvua ikinyesha hakuna picha, basi hakuna ujira. Mchezaji mkuu akiumwa tumbo kwa kula pweza, pia hakuna ujira, na tumbo ni lake. Seremala wetu alijenga uso mzima wa duka, na mlango, na rafu, kwa siku sita, akapata pungufu kuliko kijana wa kizungu aliyekuwa akimshikia mwavuli bibi mmoja mchezaji.

Na kazi yangu mimi ilikuwa nini? Kunyamazisha mtaa. Usicheke. Wana mashine ya kunasa sauti inayosikia mpaka paka akikohoa, kwa hivyo alitakiwa mtu wa kupita mlango kwa mlango kuomba watu watulie. Muuza kahawa nilimfunga vikombe kwa kitambaa visigongane. Mwalimu wa chuo cha Kurani nilimwomba watoto wasome kimoyomoyo, akakubali kwa heshima yangu. Jogoo wa jirani nilimtia ndani ya kapu. Bwana mkubwa wa filamu aliniuliza kama adhana nayo yaweza kungoja kidogo, na hapo nilijifanya sikusikia. Mtaa ulinipa jina, Bwana Nyamaza, na mimi nikalipenda. Nilishika kamba iliyofunga kichochoro, mtu hapiti mpaka niseme apite, na nilijiona mkubwa. Nakwambia kweli kama ilivyokuwa.

Sasa sikiliza yaliyotokea, kwa maana mabaharia watayafikisha huko, na sitaki uyasikie kwa mwingine.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Abdalla, umemsoma katika barua zangu nyingi. Ndiye aliyenipa chumba nilipofika huku na kifurushi kimoja, na kodi hakuniuliza mpaka nilipopata kazi. Alikuwa mgonjwa wiki ya tatu, hainuki. Dada yake, Bi Zena, anakaa nyuma ya msikiti, na kila asubuhi alimletea uji wa mchele akamlisha kwa kijiko, kwa kuwa mzee hakula kwa mkono wa mtu mwingine, hata wa bintiye Fatma.

Siku hiyo picha ilikuwa ya mchezaji kupita kichochoroni mwetu, kusimama chini ya dirisha, kutazama juu, na kwenda zake. Hayo tu. Wakairudia tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Katikati ya hayo Bi Zena akaja na bakuli lake limefunikwa kwa kitambaa, nami niko kwenye kamba.

"Nataka kupita, baba," akasema. "Uji wapoa."

"Ngoja kidogo, Bi. Dakika kumi tu, wamalize."

"Haya, baba."

Akaketi kwenye baraza ya hapo pembeni, bakuli mapajani. Mtu mzima wa heshima, hakubishana. Kumi zikapita, na kumi nyingine. Kila nikitaka kumruhusu, msimamizi ananionya kwa kidole kutoka juu ya paa, ati mara hii ndiyo ya mwisho.

Ndipo kilio kikatoka nyumbani kwa mzee. Kilikuwa kifupi, na kamba iko nyuma ya kona, na Bi Zena masikio yake ni mazito. Hakusikia. Mashine ilisikia. Msimamizi akanipungia mkono kwa hasira, nikakimbia. Dada, nilijua ni kilio cha nini kabla sijafika mlangoni, na bado nilikwenda kufanya kazi niliyotumwa.

Fatma alinifungulia, macho yamemwiva.

"Babangu ametutoka," akasema.

Nikamwambia pole. Kisha nikamwambia, "Nawaomba mnyamaze kidogo, wamalize hii moja."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Ametutoka yuamwulizia shangazi. 'Zena hajaja?' Twamwambia yuwaja, yuko ndiani." Akavuta leso akaitia mdomoni, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Wakanyamaza. Walinitii, na hilo ndilo linalonikata maini mpaka leo.

Nikarudi kwenye kamba. Bi Zena akainua uso.

"Zimekwisha, baba?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini nilijua nikimwambia atalia, na picha itaharibika, na Nairobi yangu itaharibika nayo. Hesabu hiyo niliifanya kichwani nikiwa nimesimama mbele ya bibi wa watu.

"Bado kidogo, Bi," nikasema.

Alifunua bakuli akatazama uji, akalifunika tena. Walipomaliza nikaishusha kamba, akaniambia ahsante. Aliniambia ahsante, Mwanaesha. Nikamwona akikata kona, na punde kilio nilichokizuia kikatoka chote.

Unadhani yaliishia hapo? Msimamizi akanijia mbio, anatabasamu. "Bwana mkubwa amependa sana ile sauti, lakini mashine ilikuwa imeshazimwa. Nenda uwaambie walie tena. Watapewa kitu." Nilikwenda mpaka mlangoni na maneno yale mdomoni. Bi Zena alikuwa kizingitini, bakuli bado analo mkononi, hakuna aliyethubutu kumpokea. Nikageuka papo hapo. Nikarudi nikasema wamekataa, na hilo ndilo jambo moja la kiume nililolifanya siku ile, nalo ni uongo. Hawakukosa wa kulia. Kesho yake waliletwa wanawake wanne wakalia uani kwenye ghala la Mbaraki, na kila mmoja alipata ujira wangu wa siku mbili.

Tulimzika mzee baada ya Alasiri. Jeneza nililibeba na wenzangu. Siku ile hakuna aliyeninenea kitu, ila nilijua Fatma akimaliza eda ya machozi atasema, na alisema. Sasa nikipita muuza kahawa huvigonganisha vikombe kwa nguvu kunionyesha. Mwalimu wa chuo salamu hujibu, na hazidishi.

Na ile Nairobi niliyoiuzia yote haya? Siku ya kuondoka walisimama na karatasi ya majina kando ya malori. Wakaitwa wale wale waliokuja nao. Nilingoja mpaka karatasi ikakunjwa, nikauliza. Msimamizi akaniambia, "Utaandikiwa." Hata anwani yangu hakuichukua.

Mmoja wa wabeba taa wa Nairobi aliachwa huku kwa homa. Juzi nilimkuta kando ya bahari, kwenye wauza mihogo, akila kwa mkopo. Nikamwonea wivu, nikamwambia wao angalau hulipwa kwa wiki. Akanijibu, "Hii ni filamu yangu ya nne. Kila moja ikiisha, kazi nayo imeisha. Nimekaa bure siku nyingi kuliko nilizofanya kazi, na kila mara naanza chini kabisa, kwa mtu asiyenijua." Mtu huyo anazijua taa zile kuliko waliomleta, na mihogo anakopa.

Basi mwambie Swaleh abaki na cherehani yake. Fundi wake ana mdomo mchafu, najua, lakini suruali ikishonwa leo kesho itakuja nyingine. Bandarini nimerudi kuomba, kiti changu kina mwenyewe, naye ana watoto. Napata kibarua cha magunia Mbaraki siku mbili au tatu kwa wiki. Nikipata nauli nitakuja kukuona. Kila nikifumba macho najiona mimi ndiye niliyelala kitandani nikikuulizia, na wewe uko nje ya kamba, na aliyeishika ni mtu kama mimi.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa umwambie dawa ya kifua nitamletea mwenyewe. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo, na jirani yetu muuza maziwa aliyekuwa akisema mimi nitafika mbali. Swaleh umsalimie sana, asinikasirikie.

Bi Zena bado hubeba uji kila asubuhi. Sasa humpelekea Fatma. Mimi siku nisizo na kibarua huwa nimekaa barazani, pale pale pembeni, na hakuna kamba tena, ndia ni nyeupe. Akifika hapo husimama. Sijui ni kusahau kwa utu uzima au ananilipa niliyomtenda, sijathubutu kumtazama usoni nikajua. Husimama na bakuli lake akaniuliza, "Nipite, baba?"

Nami sina budi kumjibu, "Pita, Bi."

Wako mdogo, uliyenilea,
Shee