Watu Wangu Wameganda Tena

Jumatatu, 7 Juni

Nimefagia duka, nimemwagia maji kibarazani vumbi litulie, nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni. Ile ya mbele ni ya kazi. Binti yangu Devota anachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Hii ya pembeni ni kuukuu, ila kwa gemu inatosha.

Kijiji changu kina vibanda sita sasa. Watu wa kale hasa. Wanavaa majani, wanachonga mawe, hata moto hawakuwa nao mpaka nilipowapa. Wanawinda tembo mwenye manyoya mwili mzima kama kajifunika blanketi. Tembo wa Mikumi wangemcheka.

Gemu lenyewe ni la Kiingereza. Mwanzoni Devota alikuwa ananisomea, siku hizi naenda kwa picha. Darasa langu la saba halikwenda bure. Naamini katika mji huu wa Kilosa hakuna mama mwingine wa rika langu mwenye kijiji ndani ya kompyuta. Na hakuna mwenye binti kama wangu. Kasomea Morogoro, karudi, kafungua stesheneri yake mwenyewe, hakukaa kusubiri kuajiriwa. Siku hizi kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Kuweza ni jambo lingine.

Jumatano, 9 Juni

Watu wangu wameganda. Wote.

Ghala lilikuwa limejaa. Niliwalimisha vizuri, nikawavunisha vizuri, kama ninavyofanya shambani kwangu Munisagara. Nikawa nimetulia. Mara ardhi ikageuka nyeupe. Nikadhani kioo kimeharibika, nikamwita Devota. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe ni theluji. Huko kwao kuna msimu wa baridi unaoua watu. Mimi theluji nimeiona kwenye picha ya Mlima Kilimanjaro tu. Hapa kwetu mwezi wa sita ukisikia baridi unavaa sweta, basi. Nani angejua kwamba mtu anaweza kufa amelala karibu na ghala lililojaa?

Devota anasema wanahitaji nguo za ngozi. Ngozi inatoka kwa mifugo. Nianze kufuga.

Sifugi. Mwaka jana ng'ombe waliingia kwenye mbaazi zangu, wakala mpaka miti. Siwezi kuwaingiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 11 Juni

Mshenga amefika kwa kaka yangu Gaspari. Kaleta posa ya Devota.

Kijana anaitwa Lembris. Fundi wa magari Mikumi, pale barabara kuu malori yanaposimama. Alikuja dukani mwaka jana kuchapisha tangazo la gereji yake. Tangazo moja, lakini alirudi kulirekebisha mara nyingi kweli. Nilipaswa kushtuka. Kwao ni wafugaji, Wamasai wa huko huko Mikumi.

Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayejibu posa. Kaka Gaspari amenivuta pembeni akaniambia, yeye atasema kwa mdomo wake lakini neno litakuwa langu. Mshenga anarudi mwisho wa mwezi.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu. Baba yake Devota alishafariki, mtoto ni huyu mmoja. Akienda Mikumi nitaamka asubuhi nimpikie chai nani?

Jumapili, 13 Juni

Tumetoka kanisani, nimeanza kijiji upya. Nimejenga vibanda vingi, nimewasha moto kila kona.

Wameganda tena.

Jumanne, 15 Juni

Amekuja kunisalimia. Mrefu, mweusi, kanyoa vizuri, suruali imepigwa pasi, kucha zina oili ya gari haitoki. Shikamoo yake ameinamisha kichwa kabisa, kama watoto wa zamani. Kaketi. Devota kajifanya anapanga karatasi.  Kimya kikanishinda, nikamwambia asogee kwenye kompyuta, tuone kama mfugaji anaweza kuishi kwenye theluji.

Jamani. Kijiji chote kakijaza ng'ombe. Hakupanda hata punje. Baridi ilipoingia watu wakawa wanatetemeka na njaa juu, ng'ombe wamenona, wanawazunguka. Nikamwambia achinje.

"Mama, huyu ana mimba."

Basi chinja yule.

"Yule ndiye anayewaongoza wenzake."

Yule mwekundu je? Akamtazama kwa muda mrefu, akasema yule ni mzuri mno. Watu wakafa mmoja mmoja. Ng'ombe hakufa hata mmoja.

Nikamwambia, "Wewe ungefaa kuwa mwenyekiti wa kijiji cha ng'ombe."

"Na wewe mama, mwenyekiti wa ghala. Devota ameniambia."

Nimecheka mpaka machozi. Devota kageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Nimempenda kijana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 18 Juni

Lembris alikuja kuchukua mzigo wa vipuri stesheni ya treni, akapita dukani. Tumecheza pamoja. Mausi nimeshika mimi, mifugo anaamua yeye, mashamba naamua mimi. Tumegombana kuhusu uzio. Anataka ng'ombe wapite katikati ya shamba kwenda mtoni, eti njia yao ni hiyo. Nikasema katika kijiji hiki njia inazunguka. Ikazunguka. Lakini kwenye kuchinja nilisimama imara, na yeye akafumba macho kwelikweli, nikabonyeza mimi.

Ngozi zikapatikana. Theluji ikaja. Watu wakakaa ndani wamevaa, wanakula, wanaota moto. Amekufa mzee mmoja tu, nadhani ni umri. Theluji ikayeyuka, nyasi zikatoka, na katika kibanda kimoja kumezaliwa mtoto.

Niliinuka nikapiga kigelegele. Waliokuwa wanasubiri fotokopi wakashtuka. Nimekwenda sokoni nikamweleza muuza nyanya, nikamweleza na mama mchungaji. Mama mchungaji aliuliza hao watu ni wa kata gani.

Kaka Gaspari alipita jioni. Nikamwambia bado nafikiria.

Jumatatu, 21 Juni

Tumegombana na Devota. 

Nilikuwa nimekaa na kijiji changu toka asubuhi. Nina vibanda kumi na kitu, nina zizi la mbuzi, nimeanza kufinyanga vyungu. Devota kaniletea chai. Kasimama. Nikamwambia asubiri kidogo, mtoto mmoja wa kule anaumwa. Akaweka kikombe mezani.

"Mama, hao wa kwenye kioo unawahangaikia mpaka chai inapoa. Mimi niko hapa. Toka mshenga aje hujaniuliza ninataka nini."

Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikamwambia kama anataka ng'ombe aende kwa ng'ombe, atarudi hapa ananuka samli.

Akafunga duka mchana, wateja wakiwa kibarazani. Hajawahi kufunga duka mchana toka alifungue.

Jumatano, 23 Juni

Sijagusa kompyuta. Tumekula ugali na mlenda, kila mmoja anatazama tonge lake. Shikamoo ya asubuhi anatoa, marahaba naitika, basi. Adabu yake haijapungua, na hilo linauma zaidi kuliko kama angenitukana.

Ni mtoto wangu. Nimemlea vizuri mno.

Jumamosi, 26 Juni

Nimekwenda Mikumi. Devota nilimwambia asubuhi kwamba nakwenda kuona kwa macho yangu. Alinipigia pasi kitenge.

Gari lilijaa, barabara vumbi tupu, nimefika nywele nyeupe kama yule mzee wangu aliyekufa kwenye theluji. Gereji nimeiona. Malori yamepanga foleni, madereva wanamwita Lembris "fundi mkuu", naye yuko chini ya gari miguu nje. Alipotoka na kuniona alitafuta kitambaa cha kujifutia akakikosa, akajifuta kwenye shati lake.

Akanipeleka kwao, mbele kidogo, pembeni ya tambarare. Mama yake alikuwa nje. Nikamtazama, sikujua mkubwa ni nani kati yetu. Nikaona heri nijishushe, nikasema shikamoo. Naye wakati huo huo akasema shikamoo. Hakuna aliyeitika. Tukasimama hivyo, wote tunasubiri marahaba, mpaka akaanza kucheka yeye.

Kiswahili anacho kidogo. Lembris akakaa katikati kutafsiri. Mimi nikaanza, unanijua nikianza. Devota wangu kasoma, Devota wangu ana duka, Devota anachapa bila kutazama vidole, Devota toka mdogo hakuwa mtoto wa kuokota maneno njiani. Nilitaka wajue wanaomba kitu gani. Yule mama alisikiliza yote. Nilipoishiwa pumzi akauliza jambo kwa Kimasai. Lembris akaanza kujikwangua oili kwenye kucha.

Nikamwambia, sema.

"Anauliza, Devota akija huku, wewe utabaki na nani?"

 Kaka Gaspari hakuniuliza hivyo. Mshenga hakuniuliza. Devota mwenyewe hakuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Nililia mbele ya watu ambao sijawafahamu hata saa moja. Lembris akainuka akaenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

Yule mama akavuta kigoda chake karibu yangu. Kwa Kiswahili chake hicho kidogo akanieleza kwamba yeye aliolewa kutoka mbali, kule kwao Kiteto. Mama yake alibaki peke yake. Akiomba kwenda kumwona wanamwambia ng'ombe wanaumwa, mvua imenyesha, mwezi ujao. Alipokwenda, alikwenda kuzika.

Kisha akanishika mkono. "Wako hazuiwi njia. Akizuiwa, niite mimi."

Hakuapa. Alisema tu, kama mtu anayesema kesho ataamka mapema.

Nimerudi na gari la mwisho. 

Jumapili, 27 Juni

Baada ya ibada nilimfuata kaka Gaspari pale nje. Nikamwambia mshenga akija ampe neno zuri. Akaniuliza nina hakika? Nikamwambia sina hakika, lakini ndilo neno langu.

Nyumbani nilimkuta Devota anachambua mchele. Nikakaa. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anamtaka Lembris, anataka kufungua stesheneri nyingine Mikumi, na hataki nilie. Nikamwambia mawili ya kwanza nimekubali.

Mchana tulikwenda dukani japo ni Jumapili, nikakaa kwenye kompyuta. Nilikuwa na kijiji chote kinangoja kuvuna, baridi iko karibu, na sijasevu toka nilipokifungua. Devota akavuta mkeka akakaa chini, akaegemeza kichwa gotini kwangu, akaniambia nifumue mabutu ya nywele zake, yamekaza mno. Nikaanza la upande wa kushoto.

Umeme ukakatika. Kioo kikazima, kijiji kikaenda nacho.

Hakuna aliyeinuka. Nikaendelea na la pili.