Siku Mtandao Ulipokatwa na Mvua Tu

Mtaa wa Kongo, Kawangware
Machi 2008

Wanzala wangu,

Sasa? Mimi niko poa. Sukuma imepanda bei, na paka wako amezaa ndani ya kikapu changu cha nguo.

Ile kompyuta ya saiba, duka letu la intaneti, tuliyoifundisha kutabiri mvua itakayokata mtandao wa setilaiti imenikasirisha sana. Jua likiwaka, inaonya: mtandao utakatika. Nikaitukana. Kumbe kosa ni langu. Niliilisha siku zote za Januari ambazo mtandao ulikatika, hata zile ambazo vijana waling'oa nyaya za stima, hata ile siku chumba chako cha kule Silanga kilipochomwa ukakimbia. Siku hizo jua lilikuwa likiwaka, basi ikajifunza kuogopa jua.

Nimeziondoa siku hizo kichwani mwake. Kichwani mwangu bado ziko.

Jana asubuhi ikasema mchana tutakatika. Nikawahimiza wateja watume ujumbe mapema. Mama Kageha akamwandikia mwanawe Kakamega, akajibiwa papo hapo. Kisha mawingu yakaja kutoka Ngong, mvua ikashuka, mtandao ukaenda. Saiba nzima ikapiga makofi!

Wanzala, ni mara ya kwanza tangu fujo za uchaguzi mtandao wetu kukatwa na mvua tu. Rudi.

Wako na wa paka zako,
Kasyoka