Baba Yako Anakuja Uwanjani

Baba yako anakuja kukutazama! Ndiyo, huyo huyo baba yako mzee wa kanisa, ambaye hajatamka jina lako humu ndani tangu ulipoikataa posa ya yule mtu wa Urambo ukaenda zako Dar es Salaam kufundisha watoto wa Wazungu tenisi.

Mpendwa mwanangu Agnesi, shikamoo yako ya barua nimeipata, marahaba. Sisi wazima. Sasa kaa chini usome polepole.

Aliyemchokoza ni mtani wake, yule fundi cherehani Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo. Aliposikia unarudi Tabora kucheza tena na yule memsahibu, bibi wa Kizungu aliyekushinda mwaka jana, akapaza sauti mbele ya wateja: "We Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani kwetu, leo binti yako anashindwa kuvusha kipira juu ya wavu?" Baba yako akamjibu, "Shona nguo, Mzaramo, hata mzigo wa nazi hukuuweza!" Wakacheka. Lakini nyumbani hakula. Akaniambia, "Nitakwenda. Akishinda, nitamwombea mwenyewe aende hiyo kazi ya Nairobi aliyoitiwa, alipwe kwa kucheza kwake. Akishindwa, arudi hapa aolewe, maneno yaishe."

Nikaondoa sahani yake, nikatafuta karatasi na kalamu nikuandikie.

Unakumbuka nilipokuwa nafua nguo za walimu wa misheni, nawe ukiwaokotea mipira yao? Ukirudi, unaupiga mpira kwenye ukuta wa jiko langu kwa kibao cha kukatia mboga mpaka udongo unabanduka. Nami nakanda mwingine, naziba, huku nakutukana. Siku moja ukasema, "Mama, iko siku nitalipwa kwa hii." Nilicheka hata mchele wa ungoni ukanimwagika. Leo nawaambia watu wa mtaa wetu wote wa Chemchem: ukuta ule ndio chuo chake, na mwalimu mkuu ni mimi.

Ila liko jambo sijamwambia baba yako. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuponza. Uliurusha mpira juu ili uanze, nami nikadhani umekwisha shinda, nikapiga kigelegele. Mkono ukakutetereka, mpira ukaingia wavuni, na baada ya hapo hukupata tena kitu. Ningejuaje kuwa tenisi hutazamwa kimya? Kwetu mtoto akicheza ngoma watu wakanyamaza, basi amewaudhi. Pale stesheni ulinishika mkono ukasema, "Mama, safari nyingine ukae nyumbani." Hukucheka.

Sikai, mwanangu. Nisamehe. Siku itakayoamuliwa maisha yako, mimi nikae napepeta mchele? Nitakaa nyuma kabisa, nimeuma kanga. Na akina mama wa hapa nimewafanyisha mazoezi: hakuna kupumua kwa sauti mpaka yule Mzungu anayehesabu ashuke kwenye kiti chake kirefu. Mmoja kashindwa kujizuia uani kwangu, kumwona jogoo tu karuka, kapiga kigelegele. Nimemwambia yeye abaki.

Naogopa, Agnesi. Najisifu mchana kutwa, na usiku nakuombea. Usimtazame baba yako usoni, usinitafute mimi. Tazama mpira.

Mungu akushike mkono huo wa kulia. Ni mimi mama yako, mama wa Agnesi mmoja tu Tabora nzima, na sote tunakuja: Jumamosi hii, saa tisa alasiri.